Maji Baridi Katika Zege la Mwani

Vijana mlioikuta kazi ya zege ikiwa na madumu ya dawa yenye lebo, naomba mnivumilie niwaeleze habari za dawa ambayo haikuwahi kuwa na lebo. Tuliipika wenyewe katika pipa, kwa kuni, kutokana na mwani wa baharini, nayo ilifanya kazi yake vizuri. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi waliopata kuisikia walisikia kwamba ilishindikana. Haikushindikana. Kilichoshindikana ni sentensi moja, na sentensi hiyo niliiandika mimi.

Nianze na zege lenyewe, maana sitaki mtu anifuate bila kujua tunakokwenda. Kila fundi hutamani zege linalotiririka, linaloingia katika kona za mbao na kuzunguka nondo pasipo kusukumwa. Njia ya mkato ya kulipata mnaijua, na msikane kuwa mmeitumia: kuongeza maji. Zege hulegea papo hapo na kibarua hushukuru. Lakini ndani ya zege hilo kokoto huzama taratibu, maji hupanda juu, na siku mbao zitakapobanduliwa utaona ukuta wenye mawe matupu chini na unga mtupu juu. Zege linalotiririka vyema linatakiwa liwe na tabia mbili zinazogombana: liwe jepesi kama uji, na wakati huohuo liwe na mnato wa kutosha kuzibeba kokoto zake lisiziache njiani. Dawa zote mnazonunua leo kwa kazi hiyo zinatafuta suluhu ya ugomvi huo mmoja.

Sisi tulikuwa na sababu nyingine ya kuitafuta suluhu hiyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, kila aliyekuwa na kiwanja Kimara au Kawe anataka kujenga, na saruji inapatikana bila kibali cha mtu. Umeme, hata hivyo, ulikuwa wa mgao. Vaibreta yetu, ile mashine ya kutikisa zege ili lishuke na kujaa, ilikuwa ya umeme, na kwa hiyo siku nyingi ilikaa stoo ikiwa imefunikwa gunia kama mgonjwa. Nilikuwa mpimaji wa zege katika kampuni ndogo ya ujenzi iliyokuwa na karakana yake Temeke. Chumba changu cha vipimo kilikuwa na meza mbili, mzani, kopo refu la kupimia ulegevu wa zege, na bomba moja la maji.

Kabla ya chumba hicho nilikuwa kibarua wa Mzee Kombo, fundi mwashi, mzaliwa wa Temeke, na huyo ndiye aliyenifundisha kwamba kifaa cha kwanza cha mpimaji ni ulimi. Lori la mchanga likifika, alikuwa akichukua chembe chache kwa ncha ya kidole, akazionja, akatema pembeni kwa adabu.

“Huu umetoka ufukweni,” alimwambia dereva siku moja. “Urudishe.”

“Mzee, we unapima mchanga au unaonja mchuzi?”

“Mchuzi ukizidi chumvi utakunywa maji, kijana. Nyumba ikizidi chumvi, we utakunywa nini?”

Dereva alicheka, vibarua wakacheka, na mchanga ukarudi. Chumvi ya bahari hailiui zege siku ile ile. Huingia hadi kwenye nondo na kuanza kuila kimya kimya, na nondo inayoliwa na kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Mzee Kombo hakujua jina la kitu hicho katika kemia. Alijua ladha yake. Mimi nilipopata chumba, mzani na chupa za dawa, niliuacha ulimi. Niliona ni jambo la watu wasio na maabara.

Wazo la mwani lilinijia mezani, katika mwezi wa Ramadhani. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameandaa faluda, na ndani yake vipande vya lozi vilikuwa vimesimama, vingine juu, vingine katikati, vingine karibu na chini ya bakuli. Nilikaa nikivitazama wakati wenzangu wakila.

“Mbona hizi lozi hazizami?” niliuliza.

“Zizame ziende wapi?” alisema. “Kula, mume wangu. Watu wanafuturu, we unakagua.”

“Umetia nini humu?”

“Nimetia ile ya mwani, ya pakiti, ya siku zote. Leo ndiyo umeiona?”

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeiona. Kitu kinachoweza kuishikilia lozi isizame, niliwaza, kikifanywa chepesi zaidi kinaweza kuishikilia kokoto. Na mwani wenyewe ulikuwapo. Ukulima wake ulikuwa umeanza kuenea katika pwani yetu, na Kawe kulikuwa na stoo ambamo wanunuzi waliacha vipande vilivyokatika au kupauka, wasivyovitaka wenye meli. Mwenye stoo alifurahi kumpata mtu wa kumwondolea.

Majaribio yangu ya kwanza yalikuwa kichekesho. Niliupika mwani hadi ukawa mzito kama gundi, nikautia wote. Zege lilikataa kutoka katika kopo la kipimo. Niliponyanyua kopo, lilinyanyuka nalo. Nililazimisha hivyo hivyo, nikajaza viboksi vya chuma ambavyo hutupatia miche, yale matofali madogo ya zege ya kupimia nguvu. Kesho yake nilibonyeza zege, ukucha ukazama. Keshokutwa ukucha ulizama. Vibarua walikuja mmoja mmoja kutazama.

“Maalim, zege lako linaumwa?” aliniuliza mmoja. Waliniita Maalim kwa sababu nilisomea chuo cha Kurani cha babu yangu, nikajifunza nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu kabla ya hesabu, na kwa sababu, nakiri, niliwasahihisha Kiswahili chao hata walipokuwa wakitukanana.

“Halijashika tu,” nilijibu.

“Siku ya pili leo halijaamka. Tuliitie mganga?”

Mwani, kama ulivyo utomvu wowote wenye asili ya sukari, huichelewesha saruji kushika. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa katika kiasi. Baada ya majuma mengi nilifikia kipimo ambacho hadi leo sikioni aibu: uji uwe mwepesi kiasi cha kuteleza kwenye kijiko bila kuning’inia, uchujwe kwa kitambaa, uchukue nafasi ya theluthi tu ya maji ya kuchanganyia, nayo yapunguzwe kwa kadiri hiyo, na mchanga uongezwe kidogo kuliko kawaida. Zege la namna hiyo lilimwagika juu ya bati likatandaa mduara uliokamilika, na kokoto zikabaki zimetawanyika hadi ukingoni, bila pete ya maji kuzunguka. Nililitazama kama mtu anavyotazama mwandiko mzuri. Lilichelewa kushika, lakini kwa saa chache tu. Likimwagwa asubuhi lilikuwa gumu asubuhi iliyofuata. Miche yake, nilipoivunja, haikutofautiana kwa nguvu na ya zege la kawaida.

Vibarua waliuita uji ule mlenda, na jina likashika upesi kuliko zege.

Sasa nawafikisha kwa Damasi. Alikuwa Mmakonde wa upande wa Newala, mchonga vinyago aliyehamia katika useremala wa mbao za zege biashara ya vinyago ilipodorora. Sijawahi kuona mbao zilizofungwa kama zake. Zege jepesi hutafuta tundu kama mwizi, lakini kwa Damasi halikupata hata mwanya wa kutoa jasho. Alikuwa mtu wa kufuata neno: ukimwambia inchi tatu, hakukupa tatu na kidogo. Alikuwa amepanga chumba Kawe, karibu na ile stoo ya mwani, na injinia wetu aliamua kwamba yeye ndiye atakayeuandaa mlenda huko huko, kisha uletwe kwa pikapu mahali pa kazi. Ilikuwa kazi ya ziada, naye aliipokea kwa furaha.

Nilimwandikia maelekezo. Wengine wangemwambia kwa mdomo na kuondoka. Mimi niliketi siku nzima nikichagua maneno, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba kazi iliyoandikwa vibaya itafanywa vibaya. Maelekezo yalikuwa na sentensi sita. Ya pili ilisema hivi: “Mwani uoshwe mara tatu kwa maji baridi, ulowekwe katika maji baridi hadi ulainike, kisha uchemshwe katika maji hayo ya kulowekea.”

Maji baridi. Nilikuwa nimeandika kwanza “maji ya bomba”, nikayafuta. Niliona si sahihi, kwa kuwa maji ya kisima yangefaa pia, na ya mvua. Nilitaka neno moja linalokusanya maji yote yasiyo ya bahari, na Kiswahili kinalo: ziwa la maji baridi, samaki wa maji baridi. Ndivyo nilivyosoma, ndivyo vitabu vinavyosema, na kitabuni hakuna ubishi. Nilijipongeza kwa kulipata. Lilikuwa kosa la mtu anayejua lugha, na kwa hiyo haikunijia hata mara moja kwamba ni kosa.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa Kimara. Wakazi wa mtaa mmoja wa mlimani, ambako mabomba yalikoroma bila kutoa kitu, walikubaliana kujenga tangi la pamoja la kuhifadhi maji. Kuta zake zilikuwa nyembamba na nondo zake zimekaribiana mno. Ni aina ya ukuta ambao bila vaibreta huthubutu kuugusa. Siku ya kumwaga, umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake.

“Mlenda umefika!” kibarua mmoja alipiga kelele pikapu ilipopanda kilima.

“Braza, kwa hiyo leo hatutikisi?”

“Utikise nini? Hili linajipeleka lenyewe. We mwaga, ukae pembeni ule muhogo.”

Na kweli lilijipeleka. Tulimwaga upande mmoja, na Damasi akawa anatembea kuuzunguka ukuta akigonga mbao kwa nyundo ya mti, sikio karibu, akifuata mlio unavyobadilika kutoka mtupu kuwa uliojaa. “Limefika hapa,” alikuwa akisema. “Limepinda kona. Haya, limefika kwa mama mwenye ndoo.” Wanawake wa mtaa waliokuwa wakituletea maji ya kuchanganyia, madumu waliyoyatoa mbali, walimfuata nyuma wakicheka. Injinia, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliniambia nianze kufikiria jina la kuipa dawa ile.

Saa nane mchana Damasi alibonyeza juu ya ukuta kwa kidole gumba. “Maalim, leo limewahi.”

Nilikwenda nikabonyeza. Lilikuwa limeshika. Zege lile lile, chumbani kwangu Temeke, lingebaki laini hadi magharibi.

“Ni joto,” nilimwambia.

Nawaomba msome tena hapo, vijana, kwa sababu hapo ndipo mpimaji alipoacha kupima. Kimara iko juu, ina upepo, na siku ile ilikuwa na mawingu. Joto lilikuwa Temeke. Zege likifanya jambo ambalo hukulitarajia, hata kama ni jambo zuri, lina neno linataka kukuambia. Chumvi huiharakisha saruji kushika. Nilikuwa nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini mwenendo ule ulinifurahisha, na sikuuliza chanzo cha furaha yangu.

Nilipata nafasi nyingine. Kabla ya ukuta wa pili nilikwenda Kawe kukagua pipa. Mwani ulikuwa umeoshwa ukawa safi, hauna hata chembe ya mchanga, uji umechujwa vizuri. Damasi alisimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake.

“Maji yako baridi, Maalim,” aliniambia. “Kama ulivyoandika.”

“Vizuri,” nilisema. “Endelea hivyo hivyo.”

Kidole changu kilikuwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye ule uji. Sikuuonja.

Mwaka ulipita, tangi likiwa limejaa maji na mtaa ukitusifu. Katika mwaka wa pili mistari ya rangi ya chai ilianza kuonekana kwa nje, imenyooka, ikifuata nondo kana kwamba mtu ameichora kwa rula. Kisha nyufa. Kisha kipande cha ukuta kilidondoka, na nondo iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imevimba na kubanduka tabaka tabaka kama kitunguu. Tuliwaambia watu wa mtaa wayatoe maji yote. Nilikwangua unga wa zege, nikaupeleka chumbani, nikautia katika maji safi na kudondosha ile dawa ya madini ya fedha inayogeuka nyeupe penye chumvi. Iligeuka kama maziwa. Nilirudia kwa mchanga tuliotumia, kwa kokoto, kwa maji ya madumu ya wale wanawake. Vyote vilikuwa safi. Ulibaki mlenda.

Kikao kilifanyika karakanani, mchana, injinia akiwa amekaa, sisi tumesimama. Walikuwapo mafundi na vibarua kama kumi.

“Maelekezo yalisemaje?” injinia aliuliza.

Nilisoma karatasi yangu, sentensi ya pili, kwa sauti. Injinia alikuwa mtu wa pwani na msomi. Alitikisa kichwa kukubali. “Imeandikwa waziwazi. Maji baridi. Damasi, uliosha kwa maji gani?”

“Maji baridi, mzee.”

“Ya wapi?”

“Ya hapo baharini.”

“Damasi, nakuuliza tena. Karatasi inasema maji gani?”

“Baridi, mzee. Na yalikuwa baridi kweli. Yalikuwa yanachotwa alfajiri, hayajapigwa jua. Mkono ukitia unakufa ganzi.”

Kikao kizima kilicheka. Mmoja alisema, “Huyu kaosha mwani kwa barafu ya bahari!” na mwingine, “Braza, si ungeongeza na ndimu kabisa?” Injinia mwenyewe alificha mdomo kwa mkono. Damasi aliwatazama mmoja mmoja, akiwa hajui kilichochekesha, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwenye karatasi.

Katika kitambo kile nilifahamu kila kitu. Niliziona maana zote mbili zimekaa ndani ya maneno yangu mawili, nikamwona mtu mwaminifu kuliko wote aliyeichukua ile iliyo karibu, ile ambayo mama yeyote jikoni angeichukua. Ingetosha niseme, “Injinia, kosa ni la mwandishi.” Maneno matano. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Nimejaribu kwa miaka mingi kujua niliogopa nini, na nawapa jibu nililolifikia bila kulipamba. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Mpimaji hakupatikana kirahisi na injinia angenibakiza. Niliogopa kicheko kisihame kutoka kwake kuja kwangu. Mtu anayewasahihisha wenzake vitenzi hakuwa tayari kusikia kwamba tangi la watu limebomoka kwa sababu ya kivumishi chake. Nilijiambia nitamwona injinia kesho, faragha. Kesho ilipofika nilijiambia kwamba jambo limekwisha poa.

Damasi aliondolewa siku hiyo hiyo. Ingekuwa ni hivyo tu, labda angepata kazi kwingine, kwa mikono ile. Lakini ujenzi ni mtaa mmoja mrefu, na kutoka Kawe hadi Kimara watu walijua juu ya yule fundi aliyetia bahari katika tangi la watu kwa uvivu wa kutafuta maji. Walimwita Damasi Chumvi. Hakuna aliyempa tena mbao za zege kufunga. Tangi lilivunjwa kwa nyundo kubwa, na wanawake wa ule mtaa wakarudi kushika njia na ndoo zao. Mwani nao ulipigwa marufuku katika kampuni, na nilipojaribu mara moja tu kuutetea, injinia aliniambia, “Maalim, hiyo dawa inahitaji watu wanaojua kusoma.” Nilinyamaza mara ya pili. Muda si mrefu madumu yakaanza kuingia kutoka nje, ya bei kali, yenye kutatua ugomvi ule ule wa wepesi na mnato. Nikawafundisha vijana kuyatumia, na nikastaafu nikiwa naheshimiwa.

Nilimtafuta Damasi baada ya kustaafu, na wakati huo mabasi ya mwendokasi yalikuwa tayari yanapita Manzese. Nilimkuta humo, nyuma ya barabara, katika karakana ya vitanda, akipiga randa. Alikuwa amepungua mwili, na nywele zilizobaki zilikuwa nyeupe kwa umri na kwa vumbi la mbao.

“Shikamoo, Maalim,” alisema, kana kwamba tuliachana juzi. “Karibu ukae. Hicho kiti hakijakauka gundi, kaa hiki.”

Nilimwambia nilichofuata. Nilimweleza kwamba maji baridi, katika Kiswahili cha vitabu, ni maji yasiyo na chumvi, hata kama yamechemka.

Aliacha randa. “Hata yakichemka?”

“Hata yakichemka.”

“Yanatoa moshi, na bado yanaitwa baridi?”

“Ndiyo.”

Alicheka hadi vijana wa karakana wakageuka. “Sasa mie wa Newala ningejuaje hiyo, Maalim?”

“Usingeweza kujua.”

Kicheko kilimwishia pole pole. “We uligundua lini kwamba mie sijaelewa?”

“Siku ile ya kikao. Walipokuwa wakicheka.”

Alipuliza vumbi kwenye ubao, akapitisha kiganja juu yake, akapuliza tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi. “Mie niliwaambiaga watu kweli nilizembea,” alisema mwishoni. “Ukiambiwa kitu na wasomi, halafu na mtaa mzima, unakubali. Nikawa najiuliza tu, nilizembea saa ngapi? Sipati.”

Wakati huo mkewe, Mama Agnesi, aliingia na chakula cha mchana kilichofungwa kwa kitambaa. Sikuwa nimewahi kuonana naye. Damasi alimvutia kiti, akaniambia, “Mwambie na huyu. Usimwambie kwa kifupi.”

Nilimwambia tangu mwanzo, sentensi ya pili hadi kikao. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya kile kitambaa.

“Yale maji nilikuwa nachota mie,” alisema.

Alikaza fundo la kitambaa, akaendelea.

“Kila alfajiri, ndoo kichwani, yeye ananihimiza: wahi, Maalim kasema baridi. Na pale jirani yetu kulikuwa na mama ana bomba. Akanihurumia. Akaniambia, shoga, unahangaika na bahari ya nini, chota hapa kwangu. Nikaenda nikatia mkono.” Alinyanyua mkono wake wa kulia, akautazama. “Bomba lilikuwa linatoka mchana tu, maji yana joto. Nikamwambia hapana, mama, ahsante. Haya ya moto. Karatasi inataka ya baridi.”

Damasi alikuwa akimtazama kwa namna iliyonijulisha kwamba hata yeye hakuwa amewahi kuyasikia haya.

“Mbona hukuniambiaga?” alimuuliza.

“Nikuambie nini? Kwamba niliyakataa? Walipokufukuza nilijua ni mie.”

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yaliniponza. Hakusema amenisamehe, na sitawaambia ninyi kwamba alisema. Alifungua kitambaa, akampa Damasi chakula chake, kisha akanigeukia.

“Kaandike,” alisema. “Na la bomba uliandike, watu wajue nilikwenda hadi bombani. Ila safari hii mpe kwanza mwenye kazi asome, we unayeandika.”

Amesoma. Damasi amezirudisha karatasi hizi zikiwa na alama ya penseli yake ya useremala mahali pawili, na pote pawili ameandika pembeni kwa herufi kubwa: HAPA UNA MAANA GANI? Nimeyaondoa maneno yangu yote mawili aliyoyatia alama, nikaandika mengine aliyoniambia yeye.